Masta ya Saikolojia ya Kliniki Lubumbashi: Staji, Vipimo na Memuari Bila Kukwama

Wanafunzi wa masta ya saikolojia ya kliniki hapa Lubumbashi mara chache huangushwa na mitihani. Mitihani ina tarehe, ina silabasi, na anayekosa pointi ana sesheni ya pili. Kinachowachelewesha watu mwaka mzima au miwili ni kazi zisizo na kengele: staji (mazoezi ya kazi hospitalini au kituoni), daftari la vikao, ruhusa za utafiti, memuari (kazi ya utafiti ya kumaliza masomo). Kila moja inategemea saa ya mtu mwingine: daktari wa kusaini, direkta (mwalimu anayeiongoza memuari) wa kusoma, mgonjwa wa kurudi Alhamisi ijayo. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kuianzisha kila kazi semesta moja kabla haijadaiwa. Masomo ya darasani tutayagusa tu.

## Kabla ya kujiandikisha

Anza na hesabu ya saa. Mfumo wa LMD (lisansi, masta, doktora), uliosambazwa katika vyuo vya Kongo tangu mwaka wa masomo wa 2021-2022, unaipa masta semesta nne za krediti 30, jumla 120. Krediti moja huhesabiwa kuwa saa 25 za kazi ya mwanafunzi, za darasani na za peke yake. Semesta moja basi ni saa 750, na ukizigawa kwa majuma 15 unapata saa 50 kwa juma. Huo ndio uzito wenyewe, hata kama ratiba iliyobandikwa ukutani inaonyesha vipindi vichache. Mwenye kazi ya kutwa mgodini au benki anaweza kuvuka semesta mbili za mwanzo kwa kulala kidogo. Semesta ya staji haitamruhusu, kwa sababu wagonjwa hupokelewa asubuhi, saa zilezile za ofisi. Zungumza na mwajiri mapema kuhusu likizo au nusu siku, usingoje barua ya staji itoke.

Faili hupelekwa aparitora, ofisi ya kuandikisha wanafunzi: diploma ya Leta ya sekondari, diploma na karatasi za pointi za kila mwaka wa chuo, cheti cha kuzaliwa, cheti cha mwenendo mwema, cheti cha afya, picha ndogo. Kinachorudisha mafaili mengi ni majina. Hakikisha jina, postinomu na prenomu vinaandikwa kwa herufi zilezile na kwa mpangilio uleule kwenye kila karatasi. Diploma ikisema "Kasongo" na kadi ikisema "Kassongo", sahihisha sasa. Baada ya miaka miwili utakuwa unalisahihisha jina hilo kwenye diploma mpya, na hiyo ni safari ndefu zaidi.

Aliyesoma mfumo wa zamani, graduat miaka mitatu na lisansi miwili, asikisie ataingizwa wapi. Peleka karatasi za pointi kwa katibu wa masomo wa fakultè na uombe uamuzi wa maandishi: ngazi gani, masomo gani ya kuongeza, krediti ngapi. Jibu la koridoni halina thamani siku ya deliberasioni, walimu wanapokaa kuamua nani amefaulu.

Malipo yakishapita benki, piga fotokopi ya bodero (karatasi ya benki ya kuthibitisha malipo) siku hiyohiyo. Karatasi nyingi za mashine hufutika wino zikikaa miezi michache kwenye joto, na jina lako linaweza kukosekana kwenye orodha ya mtihani kwa sababu ya malipo uliyoyafanya kweli.

## Semesta ya kwanza, kwa ufupi

Chagua orodha moja ya uainishaji wa magonjwa na uijue kwa undani, kisha jifunze kusoma nyingine. CIM-11 ya Shirika la Afya Duniani ilianza kutumika Januari 2022, lakini mafaili mengi ya hospitali bado yana kodi (alama za magonjwa) za CIM-10, toleo lililotangulia. Mfadhaiko unaouona umeandikwa F32 ndio 6A70 katika CIM-11. Kiwewe kilichokuwa F43.1 sasa ni 6B40, na kuna 6B41 kwa kiwewe changamani, ambacho CIM-10 haikukitenga hivyo. Katika kila ripoti andika umetumia toleo gani. Ni mstari mmoja tu, lakini juri hupenda kuuliza.

Weka Zotero kwenye kompyuta tangu juma la kwanza. Ni bure na hufanya kazi bila intaneti. Kila makala unayosoma iingize humo pamoja na faili lake la PDF. Kwa makala za kulipia, uliza maktaba kama chuo kina akaunti ya Research4Life. Kongo iko kwenye kundi la nchi ambazo taasisi zake hupata bure. Pakua usiku au alfajiri, bando inapokuwa na nguvu, usome mchana hata SNEL ikikata umeme.

## Staji: hapa ndipo masta inapochezwa

Lubumbashi ina sehemu kadhaa za kujifunzia, na kila moja inakuonyesha watu tofauti. Kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain, cha Mabruda wa Charité, kinakupa saikosi, kifafa, ulevi, wagonjwa waliolazwa na familia zao. Hospitali ya Jason Sendwe na kliniki za chuo kikuu zinakupa ajali, kisukari, wamama waliopoteza mimba, watu wanaoambiwa "hauna ugonjwa" lakini moyo unadunda. Bakanja ya Wasalesiani inakupa watoto wa barabarani. Ukipata nafasi ya kugawa staji, tumia miezi mingi mahali penye msimamizi mzuri na michache mahali penye wagonjwa wa aina nyingine. Tukilazimika kuchagua kati ya hospitali yenye jina na msimamizi anayekaa nawe saa moja kila juma, tutachukua msimamizi.

Barua ya kuomba staji ipeleke majuma nane kabla. Nenda nayo mwenyewe, kopi mbili, moja isainiwe kuwa imepokelewa. Kabla ya kukubali, uliza mambo manne: nani atanisimamia na ana diploma gani, atanipa saa ngapi kwa juma, nitapokea wagonjwa mwenyewe au nitakaa pembeni nikisikiliza, na je, kuna chumba chenye mlango unaofungwa. Swali la mwisho linaonekana dogo, lakini mazungumzo ya tiba kwenye veranda, mbele ya foleni, yanakufundisha tabia mbaya ambayo itakuchukua muda kuiacha.

Daftari la vikao. Nunua daftari gumu lenye kurasa zilizonambariwa, au zinambari mwenyewe kwa kalamu. Chora nguzo saba: tarehe, kodi ya mgonjwa (alama badala ya jina), aina ya kazi, dakika, ulichofanya kwa maneno kumi, swali la kupeleka kwa msimamizi, saini. Tenganisha dakika za ana kwa ana (maongezi, kipimo, kikundi) na dakika nyingine (ripoti, mkutano wa timu, kusoma faili). Saini ichukuliwe kila Ijumaa. Wasimamizi huhamishwa, huenda masomoni, huugua. Aliyebaki ofisini hatasaini saa ambazo hakuziona, na ana haki.

Kikao cha kwanza kina dakika 50. Dakika tano za kujitambulisha na kueleza siri, kama thelathini za kumwacha mtu aseme, kumi za kuuliza hatari na afya ya mwili, tano za kufunga na kupanga siku nyingine. Kosa la wanafunzi wengi ni kufungua na fomu: umri, kabila, kanisa, idadi ya watoto. Baada ya maswali kumi na mawili ya namna hiyo mgonjwa amejifunza kwamba kazi yake ni kujibu kwa kifupi, naye atajibu hivyo hadi mwisho. Fomu ijazwe dakika za mwisho, au irudishwe kikao cha pili.

Maneno ya siri yawe tayari mdomoni, kwa Kiswahili cha mtu aliye mbele yako. Kwa mfano: "Mama, mimi ni mwanafunzi, ninasimamiwa na mwalimu wangu hapa. Mambo utakayonieleza yanabaki kati yetu na yeye. Sitamwambia bwana yako, sitamwambia pasta. Ila nikisikia unataka kujiua, ama mtoto anaumizwa, hapo nitatafuta msaada, na nitakuambia kwanza." Siri hii ina sheria nyuma yake: kifungu cha 73 cha kodi ya adhabu (code pénal) ya Kongo kinamwadhibu anayefichua siri aliyopewa kwa sababu ya kazi yake. Mume akija kwenye mlango kuuliza mkewe alisema nini, unajua la kumjibu.

Kuna mambo ya mji wetu ambayo vitabu vya Ufaransa na Marekani havikuandalii. La kwanza ni salamu. Vitabu vinasema ukikutana na mgonjwa njiani usimsalimu kwanza, asije akaulizwa mmejuana wapi. Lakini katika mitaa yetu ya Kenya au Katuba, kumpita mama bila salamu ni tusi, na watu watauliza zaidi. Dawa yake ni kukubaliana mapema, katika kikao cha kwanza: "Tukionana sokoni ama kanisani, tusalimiane namna gani?" Wengine watasema uwasalimu kama jirani, wengine watasema upite. La pili ni zawadi. Mfuko mdogo wa mihogo au kuku wa shukrani ukiukataa kwa ukali unamwaibisha mtu. Ukiupokea kimya unaanza deni. Pokea kidogo kwa niaba ya huduma, andika kwenye daftari, mwambie msimamizi. Pesa na simu usipokee kabisa.

La tatu ni vyumba vya sala. Wagonjwa wengi wamepita huko kabla ya kufika kwako, na baadhi wataendelea kwenda. Usibishane na imani ya mtu. Uliza tu mambo matatu: walikuambia nini juu ya ugonjwa huu, walikuambia uache nini, na umefunga kula siku ngapi. Jibu la swali la pili na la tatu linaweza kuwa la dharura, kwa sababu mgonjwa wa kifafa aliyeacha fenobabitali ghafla anaweza kupata mshtuko mmoja baada ya mwingine. Na mtoto aliyeletwa kwa jina la mchawi haongelewi mbele ya waliomtuhumu. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamlinda kila aliye chini ya miaka 18 na inaadhibu tuhuma hizo. Mtenge na hao watu wazima, halafu mwite msimamizi kabla ya kikao kuisha.

Mwili kwanza. Wewe huandiki dawa, lakini lazima ujue lini umrudishe mtu kwa daktari. Aliyeanza kuongea ovyo ndani ya siku mbili, ana homa, hajui leo ni siku gani: huyo ni wa daktari saa hiyohiyo, malaria ya ubongo haingoji anamnesi yako, maswali yako ya historia ya mgonjwa. Mgonjwa anayemeza haloperidoli, dawa ya saikosi, aliyekakamaa, uso haucheki, anatembea bila kupunga mikono: usikimbilie kuandika "mfadhaiko", inaweza kuwa dawa. Mama aliyechoka miezi mingi, midomo imepauka: omba apimwe damu kabla ya kuhesabu dalili za huzuni.

Kuuliza juu ya kujiua. Wanafunzi hulikwepa swali hili wakiogopa kumpa mtu wazo. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo la kujiua, kunamfungulia mlango. Uliza kwa mpangilio huu, bila kuzunguka:

1. Je, umewahi kufikiri ni afadhali ufe? Na juma hili?
2. Umefikiri kujiua mwenyewe? Kwa njia gani?
3. Hicho kitu kiko nyumbani? (Dawa ya panya, dawa za mgonjwa mwingine, kamba.)
4. Umepanga lini? Umeshamwandikia mtu, umegawa vitu vyako?
5. Uliwahi kujaribu zamani?
6. Nini kimekuzuia hadi leo?

Akiwa na njia na siku, haondoki peke yake. Kaa naye, mwite msimamizi au daktari wa zamu, mwite ndugu anayemchagua yeye, na hicho kitu kiondolewe nyumbani leo. Andika saa uliyouliza, maneno yake, uliyempigia simu na saa aliyojibu. Karatasi ya "mkataba wa kutojiua" iliyosainiwa na mgonjwa haimlindi yeye wala wewe.

Noti. Ziandike siku hiyohiyo. Dakika kumi zinatosha ukitumia sehemu nne: mtu amesema nini, umeona nini, unafikiri nini, utafanya nini. Maneno ya mtu yaache kama yalivyotoka, "niko nawaza mingi, kichwa iko inawaka", halafu Kifaransa chake pembeni. Ukiandika moja kwa moja "ruminations anxieuses" (mawazo ya wasiwasi yanayojirudia) umeshafanya uchunguzi kabla ya kufikiri, na msimamizi hana tena cha kukusahihisha. Noti zisipande taksibasi. Zikae kwenye kabati la huduma, na orodha inayounganisha kodi na majina ikae mahali pengine.

Usimamizi uandae. Anayeingia na "kila kitu kinaenda vizuri" anatoka na "endelea". Ingia na mgonjwa mmoja, ukurasa mmoja wa maongezi neno kwa neno, na swali moja lililo wazi: "Aliponyamaza dakika ya ishirini, nilipaswa kufanya nini?"

Idadi ya wagonjwa nayo ina kipimo. Anza na wawili kwa juma, panda hadi wanne au watano baada ya mwezi. Jifunze njia moja fupi ya tiba kwa ukamilifu badala ya kuonja sita. PM+ (Problem Management Plus) ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa 2016, ina vikao vitano vya dakika 90: kupumua, kutatua shida, kurudi kwenye shughuli, kuimarisha watu wanaokuzunguka. Inakubalika kwa mwanafunzi kwa sababu mipaka yake iko wazi. Na anayedhani tiba ya maana inahitaji chumba cha Ulaya akumbuke utafiti uliochapishwa 2013 kutoka vijiji vya Kivu: wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono walipewa tiba ya utambuzi, kikao kimoja cha peke yake na kumi na kimoja vya kikundi, ikiongozwa na APS (wasaidizi wa kisaikolojia na kijamii) wa hukohuko wasio na diploma za chuo. Walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa msaada wa kawaida wa mtu mmojammoja. APS hao walikuwa na mafunzo na usimamizi wa karibu. Vitu hivyo viwili ndivyo vya kuvitafuta kwenye staji yako.

## Vipimo na Kiswahili chetu

PHQ-9, kipimo cha mfadhaiko, ina maswali tisa, kila moja pointi 0 hadi 3, jumla 27. Kuanzia 10 tunashuku mfadhaiko. GAD-7, ya wasiwasi, ina saba, jumla 21. PCL-5, ya kiwewe, ina ishirini, kila moja 0 hadi 4, jumla 80, na mpaka wa 31 hadi 33 unaotajwa sana ulitoka kwa askari wastaafu wa Marekani. SRQ-20, ya dalili za msongo kwa jumla, ni maswali ishirini ya ndiyo na hapana, na kwa mtu asiyesoma ndiyo rahisi kuliko zote. Alama ya juu inakupa shaka. Haijatoa jina la ugonjwa. Ripoti inayosema "alipata 36, kwa hiyo ana kiwewe" itarudishwa.

Tatizo kubwa ni lugha. Utapata PHQ-9 ya Kiswahili iliyotengenezwa nchi za Kenya au Tanzania na utafurahi haraka mno. Mama wa mtaa wetu wa Ruashi ataelewa nusu, na kwa heshima atajibu yote. Kama kipimo kitaingia kwenye memuari, kipitishe hatua hizi: watu wawili wakitafsiri kila mmoja peke yake kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili cha Lubumbashi, mkae pamoja kuunganisha, mtu wa tatu, ambaye hajaona asili, akirudishe kwenye Kifaransa, mlinganishe, kisha ukijaribu kwa watu watano hadi kumi wanaofanana na unaotaka kuwachunguza, ukimwomba kila mmoja akueleze kwa maneno yake swali linauliza nini. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa, nayo ndiyo inayofichua makosa. Ukishakusanya, hesabu alfa ya Cronbach, namba inayoonyesha kama maswali yanashikamana. Chini ya 0.70 tafuta swali linaloharibu kabla ya kuendelea.

Muda nao hupotoshwa. "Majuma mawili yaliyopita" kwa wengi ni "siku hizi". Funga muda kwenye kitu: tangu Jumapili ile ya ubatizo, tangu watoto walipofungua shule. Kwa ngazi nne za majibu, panga bilauri nne, tupu, yenye maji kidogo, nusu, iliyojaa, na mwache mtu aoneshe kwa kidole. Na swali la tisa la PHQ-9, la mawazo ya kufa, likipata chochote juu ya sifuri, weka fomu chini na urudi kwenye maswali sita ya juu kabla mtu hajaondoka. Usingoje kujumlisha nyumbani jioni.

Raven, kipimo cha akili chenye mafumbo 60 katika seti tano, na michoro ya familia vitumike kwa adabu. Meza za alama zilipimwa kwa watoto wa shule za nchi nyingine. Mtoto wa barabarani ambaye hajashika penseli miaka minne atachora mtu asiye na mikono kwa sababu ya penseli, si kwa sababu ya mama yake. Eleza alivyofanya kazi, usitoe namba ya akili.

## Memuari

Semesta ya pili ni ya swali na direkta. Ya tatu ni ya ruhusa, kipimo na kuanza kukusanya. Ya nne ni ya kuandika. Anayeanza kutafuta mada katika semesta ya nne atamaliza mwaka unaofuata, na atalipa tena.

Mada ipunguze mpaka iingie katika jengo moja. "Athari za umaskini kwa afya ya akili ya vijana wa Haut-Katanga" haina mlango wa kuingilia. "Mzigo wa kisaikolojia wa akina mama wanaouguza watoto wenye kifafa katika kituo kimoja cha Lubumbashi" unajua Jumatatu uende wapi, umuulize nani.

Kisha chagua idadi ya watu wa kuchunguza kwa kufuata swali. Namba 384 imejaa kwenye memuari za mji huu. Inatoka kwenye fomula ya kukadiria asilimia katika umma mkubwa, kosa la 5%, imani ya 95%. Kama huhesabu asilimia ya umma mkubwa, haikuhusu. Kutafuta uhusiano wa wastani (r ya 0.30) kunahitaji watu kama 85. Kulinganisha makundi mawili kwa tofauti ya wastani kunahitaji 64 kila upande. Kumfuatilia mgonjwa mmoja ni utafiti halali ukipima angalau mara tatu kabla ya tiba, bora mara tano, kisha kila kikao. Maongezi ya kina na watu nane hadi kumi na wawili wa aina moja yanatosha memuari nzuri.

Lakini maongezi yana bei yake. Saa moja ya sauti inakula saa tano au sita za kuandika, zaidi kama jenereta ya jirani imeingia kwenye rekodi. Maongezi kumi ya dakika 50 ni kama saa 42 hadi 50 za kuandika kabla hujachambua neno. Andika kwa Kiswahili kama kilivyosemwa, chambua kwa Kiswahili, na utafsiri kwa Kifaransa zile dondoo tu utakazoziweka kwenye sura ya matokeo, Kiswahili juu na Kifaransa chini. Kutafsiri yote kwanza kunakupotezea majuma na kunaua maneno uliyoyatafuta. Rekodi kwa ruhusa, simu ikiwa kwenye hali ya ndege, jina lisitajwe. Ukishahakiki maandishi, futa sauti kama ulivyomwahidi mtu.

Karatasi ni tatu: barua ya utafiti ya fakultè, kibali cha kamati ya maadili, na ruhusa ya daktari mkurugenzi wa mahali. Ziombe kwa mpangilio huo, kwa sababu kila ofisi itauliza ya kabla yake. Kamati hurudisha faili kwa sababu zilezile: fomu ya ridhaa iko kwa Kifaransa tu, haisemi mtu anaweza kukataa bila kupoteza matibabu, haisemi utampeleka wapi akizidiwa katikati ya maswali. Kwa kukusanya majibu mengi tumia KoboCollect, inahifadhi bila intaneti na inazuia kuruka swali. Takwimu zifanye kwa programu za Jamovi au JASP, ni bure. SPSS, programu ya kulipia, iliyovunjwa ufunguo huleta virusi na hufa juma la mwisho.

Direkta ana wanafunzi wengi na ofisi moja. Mpe sura moja kwa wakati, kwenye karatasi, herufi 12, nafasi ya 1.5, mistari ikiwa na namba, na juu yake maswali mawili tu unayotaka ajibu. Baada ya kila mkutano mwandikie ujumbe mfupi: "Prof, tumekubaliana nibadilishe hili na lile, nitarudi tarehe fulani." Akisahau, ujumbe upo. Akinyamaza majuma matatu, pita kwa asistanti wake kwa heshima, kisha ofisini kwake asubuhi; usimrushie direkta lawama kwenye kundi la WhatsApp la promosheni, zitamfikia kabla ya jioni.

Faili zipe majina yenye tarehe, na ziishi mahali patatu: kompyuta, USB isiyotembea na kompyuta, na barua pepe yako. Usichukue kurasa za memuari za zamani zilizo maktaba. Wasomaji walioteuliwa kukusoma ndio waliozisahihisha.

## Ajira, uchovu, na kutetea

Katikati ya masta mashirika yataita: APS wa miezi mitatu Kalemie, msimamizi wa nafasi rafiki kwa watoto kwingineko. Mshahara ni wa kweli na nyumbani kuna watu. Wengi waliokwenda katika semesta ya tatu walirudi na pesa lakini bila staji. Kama huwezi kukataa, omba chuo kwanza kwa maandishi kama saa hizo zitahesabiwa kuwa staji na nani atasaini. Bila hivyo, chukua mkataba unaoanza baada ya kukusanya data.

Uchovu wa kusikiliza huanza kwa mambo madogo: unatamani mgonjwa wa saa nne asije, unaota hadithi za wengine, unawafokea wa nyumbani. Mwambie msimamizi ukiona dalili mbili, punguza wagonjwa kwa mmoja au wawili kwa majuma machache, na usipange kesi mbili za ukatili siku moja.

Siku ya kutetea una kama dakika 15. Slaidi kumi na mbili: swali moja, njia mbili au tatu, matokeo tano, mipaka moja, zinazobaki ni za kufungua na kufunga. Chapa kopi ya slaidi kwa kila mjumbe wa juri, kwani umeme unaweza kuondoka na projekta ikazima. Maswali yanayorudi ni haya: kwa nini kipimo hiki na si kingine, kilitafsiriwaje, ulifanya nini ulipokutana na mtu aliye hatarini, na matokeo yako yanamsaidiaje muuguzi wa kituo kesho asubuhi. Ukiulizwa usichokijua, sema data zako zinaishia wapi. Wajumbe humwandama anayebuni jibu.

Masahihisho yafanye ndani ya siku kumi, kabla wajumbe hawajasahau walichotaka. Ambatanisha ukurasa mmoja wenye nguzo mbili, kilichoombwa na ukurasa kilipofanyika, ili direkta asaini bila kusoma upya memuari nzima. Peleka kopi katibu wa masomo, omba hati ya kuthibitisha umefaulu kwa sababu diploma yenyewe huchukua muda, na mpelekee msimamizi wa staji kurasa mbili za matokeo kwa lugha ambayo wauguzi wake wataisoma. Daftari la vikao baki nalo, waajiri huliomba.